Masijala ya Kompyuta

Kila nyumba yenye utaratibu ina daftari, na kila daftari lina mtunzaji. Bandari huandika vyombo vinavyoingia na vinavyotoka. Mahakama huandika mashauri. Hospitali huandika wagonjwa. Serikali huandika ardhi, ndoa, vizazi na vifo. Chumba ambamo maandishi haya hukaa huitwa masijala. Aghalabu ni chumba cha nyuma, chenye mwanga haba na vumbi jingi, na karani wake si mtu wa kuonekana barazani. Walakini siku masijala inapopotewa na jalada moja, ofisi nzima hutambua kwamba ukuu wake ulikuwa umeegemea chumba kile kidogo. Mwenye shamba huwa hana shamba; mwenye haki huwa hana ushahidi; na aliyefanya kazi kwa miaka 30 huambiwa kwamba hakuajiriwa kamwe.

Kompyuta nayo ina masijala yake. Mtu huwasha mashine akaona picha aliyoichagua, herufi kwa ukubwa anaoupenda, na programu zake zikiwa zimekaa kama alivyoziacha jana. Hudhani kwamba mambo haya yapo kwa sababu yapo. Kumbe yapo kwa sababu yameandikwa. Katika mashine zinazoendeshwa kwa mfumo wa Windows, kitabu chenye maandishi hayo huitwa rejista. Kilionekana mara ya kwanza katika Windows 3.1, mwaka 1992, kikiwa bado kidogo, na kazi yake kubwa ilikuwa ni kukumbuka programu ipi ifungue faili la aina ipi. Wakati huo mambo mengine yaliandikwa katika mafaili madogo ya maandishi yenye kiishio cha INI. Kila programu ilikuwa na lake, na kila moja iliandika kwa namna yake, kama mtaa ambao kila mwenyeji hufunga hati zake katika kitambaa na kuzisokomeza uvunguni. Windows NT ya mwaka 1993 na Windows 95 ya mwaka 1995 ziliifanya rejista kuwa masijala kuu. Tangu hapo mfumo wenyewe, vifaa vyake, watumiaji wake na programu zake nyingi zimekuwa zikiandikwa katika mahali pamoja.

Mpango wa masijala hii ni kama mti. Una mashina machache. Kila shina lina matawi, na kila tawi lina vitawi. Shina au tawi huitwa ufunguo, na mwishoni mwa ufunguo hukaa thamani, ambayo yaweza kuwa jina, namba, au njia ya kulifikia faili fulani. Katika hesabu ambazo mfumo huu hutambulia lugha, Kiingereza cha Marekani ni 0409 na Kiswahili cha Kenya ni 0441. Lugha iliyosafiri kwa vinywa vya mabaharia na wapagazi kwa karne nyingi, ndani ya mashine hujulikana kwa tarakimu nne. Hili si jambo la kuona haya. Masijala haina kazi ya kusifu; kazi yake ni kutambua.

Mafaili makubwa yanayobeba funguo hizi katika diski yana jina la ajabu: huitwa mizinga. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia mwaka 2003 asili ya jina hilo. Mmoja wa waundaji wa awali wa Windows NT aliwachukia nyuki, na mwenzake aliyekuwa akiijenga rejista akapenyeza maneno ya nyuki kila alipoweza. Hivyo faili likawa mzinga, na nafasi ndogo za ndani zikapewa jina la vijumba vya sega. Mzaha ule wa ofisini umeishi kuliko mifumo mingi iliyoundwa kwa dhati, tena una funzo ambalo hapana shaka mwenye kuutoa hakulikusudia. Mtu atiaye mkono mzingani bila moshi wala maarifa hurudi na uvimbe badala ya asali.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, katika chuo kikuu cha mji wa pwani, alilipata funzo hili kwa gharama. Kwa miaka 14 alikuwa akikusanya maneno ya vyombo vya baharini. Aliketi na manahodha wazee, mafundi wa ngalawa na washonaji wa matanga, akaandika jina la kila ubao na kila kamba: mkuku, taruma, dasturi, foromali, ngama, na mamia ya mengine ambayo vijana wa mjini hawayajui. Kila neno lilikuwa na kadi yake: maana, mfano, jina la aliyelitamka na siku aliyolitamka. Kadi zilihifadhiwa katika programu ya kutungia kamusi ambayo aliinunua zamani. Aliyeiunda programu ile alikuwa amekwisha kufunga biashara yake, wala hapakuwa na mlango wa kubisha hodi kwa mwenye haja ya msaada. Walakini programu ilifanya kazi vizuri. Pamoja na kadi zake ilikaa katika diski ya nje, ambayo mwalimu aliifungia sandukuni nyumbani ili wezi wasiipate. Kibali chake cha kutumika, yaani namba iliyothibitisha kwamba imenunuliwa kwa halali, kilikuwa kimeandikwa katika rejista ya kompyuta yake.

Mwalimu huyu alikuwa na jambo moja alilowafundisha wanafunzi wake kila mwaka bila kuchoka. Alisema kwamba mtunga kamusi asilifute neno kwa sababu halisikiki sokoni. Neno lisilosikika mjini huenda linasemwa kisiwani. Lisilosemwa kisiwani huenda limo katika utenzi. Na lisilokuwamo katika utenzi huenda bado limo kifuani mwa bibi mmoja ambaye hajaulizwa. Kutosikika si kufa. Wanafunzi waliliandika neno hili katika madaftari yao, na wengine walilirudia katika mitihani ili kumpendeza.

Ikawa siku moja kompyuta yake imekuwa nzito. Ilichukua muda mrefu kuamka, na ilipoamka ilijikokota kama punda aliyezidishiwa mzigo. Mwalimu alikuwa na haraka. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa akimalizia tasnifu juu ya majina ya sehemu za jahazi, na sura ya nne ilingojea kadi ambazo mwalimu alimwahidi kumpa Jumatatu. Katika kutafuta dawa aliona tangazo la programu ya kusafisha rejista. Tangazo lilisema kwamba rejista ya kila kompyuta hujaa takataka. Kwamba takataka hizo ndizo chanzo cha uzito. Na kwamba kwa kubonyeza mara moja mashine itarudia ujana wake. Aliipokea programu ile, akaiendesha. Baada ya dakika chache kioo kilijaa maandishi mekundu: mamia ya makosa yamegunduliwa. Moyo ulimpiga kama mgonjwa aliyesomewa orodha ya maradhi ambayo hakuyahisi. Programu ilimwuliza kama angependa kuweka nakala ya funguo kabla hazijafutwa. Akabonyeza hapana, maana nani huweka nakala ya takataka? Makosa yote yakafutwa. Mashine haikuongeza kasi, lakini kwa siku mbili yeye aliiona kuwa imeongeza.

Jumamosi alitoa diski sandukuni, akaichomeka, na kuiamsha programu ya kamusi. Ikamjibu kwamba haimtambui. Ilimtaka namba ya kibali. Risiti ya kununulia ilikuwa imepotea katika kuhama nyumba, na mwenye kuitoa upya hakuwapo. Kadi zote zilikuwapo katika diski, salama kabisa, wala hapana hata moja iliyoguswa. Ila ziliandikwa kwa namna ambayo programu ile peke yake iliweza kuisoma. Alikuwa na kasha, na ndani ya kasha mali yake yote, na ufunguo umetupwa baharini kwa mkono wake mwenyewe.

Ni lazima kueleza jinsi programu ya kusafisha ilivyofikia hukumu yake, kwa kuwa katika jambo hili ndimo mna kiini cha shauri. Msafishaji wa namna hii haelewi maana ya anachokisoma, hukisia. Husoma thamani moja, na akiona imetaja faili lililo mahali fulani, hupiga hodi mahali hapo. Faili lisipoitika, thamani huandikwa katika orodha ya maiti. Siku ile diski ya mwalimu ilikuwa sandukuni. Msafishaji alipiga hodi kwenye diski isiyokuwapo, hapana aliyeitika, naye akafuta ufunguo wote wa programu ya kamusi pamoja na kibali kilichokuwamo. Ni kama karani wa ardhi apitaye mtaani mchana, akakuta mlango umefungwa kwa kuwa mwenyewe amekwenda kuvua, akarudi ofisini na kuchoma hati ya kiwanja.

Waswahili wana methali isemayo: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ni ya kweli katika karamu, ambapo sahani haiwezi kumngoja kila mtu hadi iote ukungu. Katika masijala ni dhuluma. Masijala imeundwa kwa ajili ya asiyekuwapo. Aliyepo anaweza kujisemea. Asiyekuwapo husemewa na maandishi. Kama haki ya mtu ingedumu kwa muda ule tu anapoonekana, pasingekuwa na haja ya kuandika chochote. Mwalimu alilijua hili katika maneno, akalisahau katika mashine. Lile alilowakataza wanafunzi wake kwa miaka 14 alilitenda yeye kwa kubonyeza mara moja. Inawezekana kwamba jambo lililomchoma zaidi katika usiku wa Jumamosi ile ni hilo, kuliko hata hasara yenyewe.

Yafaa kuuliza kama usafi ule ulihitajiwa. Hapana budi kusema kwa insafu kwamba dai la wasafishaji halikuzuliwa kutoka katika hewa tupu. Ni kweli kwamba programu nyingi zinapoondolewa huacha mabaki katika rejista, kama mpangaji ahamaye na kuacha misumari ukutani. Ni kweli pia kwamba zamani ukubwa wa rejista ulikuwa jambo la kuangaliwa. Katika Windows 2000 na zilizoitangulia, rejista ilikaa katika sehemu ya kumbukumbu yenye kikomo, na mfumo uliiwekea mpaka wa ukubwa. Windows XP ya mwaka 2001 ilibadili mpango huo, na mpaka ule ukaondoka. Hata Microsoft yenyewe iliwahi kutoa msafishaji wake, RegClean, katika miaka ya 1990, kisha ikamwondoa. Msimamo wake wa siku hizi ni kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista, na imeonya kwamba madhara yake huweza kumlazimisha mtu kuupandisha mfumo wake upya.

Mark Russinovich, mmoja wa watu walioyachunguza sana matumbo ya Windows, aliandika mwaka 2005 juu ya mabaki haya. Alikubali kwamba yapo, na kwamba ni sehemu ya maisha ya mfumo huu. Walakini alieleza kwamba hata kama rejista ingevimba kupita kiasi, kasi ya kazi isingeathirika sana, isipokuwa katika upekuzi wa rejista nzima toka mwanzo hadi mwisho. Sababu si ngumu kuielewa. Programu inapotaka neno lake haisomi masijala yote. Inalo jina kamili la ufunguo, nayo hushuka kutoka shina hadi tawi, kutoka tawi hadi kitawi, hata ikafika. Karani atakaye jalada lililo rafu ya tatu hacheleweshwi na jalada la marehemu lililolala rafu ya arobaini. Mabaki mia kadhaa ya rejista ni kilobaiti chache katika diski yenye mamia ya gigabaiti. Tena kufuta peke yake hakulipunguzi faili la mzinga. Kijumba kilichoachwa wazi hubaki mle mle, kikingoja kuandikwa kitu kingine. Mtu huyu amefagia punje ya mchanga kutoka pwani, akajisifu kwamba bahari imekaribia.

Hata hivyo, kusema kwamba ufagio huu haufai si kusema kwamba rejista haihitaji kuangaliwa. Iko mahali ndani yake ambapo neno moja lina uzito wa kweli. Ziko funguo ziitwazo Run, ambamo huandikwa programu zinazopaswa kuamka mtu anapoingia katika mashine. Kila jina lililoandikwa hapo ni mgeni anayekaribishwa chai kabla mwenyeji hajaanza kazi. Wakiwa wawili, nyumba huchangamka. Wakiwa ishirini, mwenyeji hukosa pa kuketi. Hapo pia hupenda kujiandika programu za hila, maana mwizi mwerevu havunji mlango ikiwa anaweza kujiandikisha kuwa mtu wa nyumbani. Ziko na sehemu nyingine ambamo programu hujiunga na orodha inayojitokeza mtu anapobonyeza faili kwa kitufe cha kulia, na neno baya moja hapo laweza kuifanya kazi ya kila saa ikwame. Mambo haya yana dawa, lakini dawa yake ni ya tabibu na si ya mfagizi. Hutazamwa moja moja, huulizwa jina na kazi yake, na lisilojulikana hulazwa kwanza kabla ya kufutwa. Russinovich na mwenzake Bryce Cogswell walitengeneza programu iitwayo Autoruns kwa kazi hii, nayo humwezesha mtu kumzuia mgeni mlangoni bila kumwua. Akigundua kwamba alimzuia ndugu yake, humfungulia.

Utunzaji ulio bora kuliko wote ni ule usiopendeza macho, yaani kuweka nakala. Waundaji wa mfumo walilijua hili tangu zamani. Windows 98 iliikagua rejista yake kila siku inapoamka na kuweka nakala, na kwa kawaida ilitunza 5 za karibuni, ili ya leo ikiharibika ya jana itwae mahali pake. Hata leo badiliko lolote huandikwa kwanza katika faili la kumbukumbu za mabadiliko ndipo liandikwe katika mzinga wenyewe, ili umeme ukikatika katikati ya sentensi maandishi yaweze kurekebishwa. Mashine hii, ambayo watu huishutumu kwa kiburi, ina hadhari kuliko wengi wanaoimiliki. Lakini hadhari ya mashine ina mipaka, na mipaka hubadilika. Kwa miaka mingi Windows iliweka nakala ya mizinga yake katika kabati liitwalo RegBack. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, la mwaka 2018, haiweki tena nakala hiyo kwa hiari yake. Microsoft ilieleza kwamba badiliko hilo lilikusudiwa kupunguza nafasi ambayo mfumo unaikalia katika diski. Mtu afunguaye kabati lile huweza kukuta majina ya mafaili yamepangwa vizuri, na ukubwa wa kila moja ni sifuri. Aliyetegemea akiba asiyoiweka mwenyewe hana akiba, ana tumaini.

Akiba haiozi. Kwa rejista, akiba ni jambo la dakika chache. Kabla ya kugusa ufunguo wowote, mtu huufungua kwa programu ya Regedit, akautoa nakala, akaiweka mbali na mashine. Nakala hiyo ni maandishi ya kawaida ambayo jicho la binadamu laweza kuyasoma. Kwa kuirudisha, kilichofutwa huandikwa tena mahali pake. Iko na njia pana zaidi, ya kuuagiza mfumo uweke alama ya kurejea, ili mabadiliko yakizaa matatizo mashine irudishwe katika hali ya siku ile. Mwalimu hakuwa na nakala, na alama za kurejea hakuwa ameziwasha.

Jumatatu mwanafunzi alifika kama alivyoahidiwa. Mwalimu hakumficha. Alimweleza alichokifanya, kisha akanyamaza, maana yako maneno ambayo mwalimu hayazoei kuyasema mbele ya mwanafunzi. Kijana yule, badala ya kulalamika, alikwenda kumwita binti mmoja fundi wa kompyuta wa idara. Binti alimsikiliza mwalimu hata mwisho, kisha akauliza swali moja: "Shikamoo Mwalimu. Kabla ya mashine hii ulikuwa ukitumia ipi?"

Mashine ya zamani ilikuwa stoo, chini ya viti vilivyovunjika, imebandikwa karatasi ya vitu vinavyongoja kutupwa. Haikuwa ikiwaka tena. Kwa ukaguzi wa macho haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Binti aliifungua, akatoa diski yake, akaifuta vumbi, na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Diski ikaitika. Ndani yake mlikuwa na mzinga wa zamani, ule ulioandikwa kabla mwalimu hajahamia mashine mpya. Regedit ina uwezo wa kuupakia mzinga wa mashine nyingine na kuusoma kama kitabu cha mgeni. Aliupakia, akashuka shina kwa shina, tawi kwa tawi, hata akalikuta jina la programu ya kamusi, na chini yake namba ya kibali, imekaa kimya kwa miaka yote ile bila kuulizwa na mtu.

Ilikuwa imebaki hatua moja. Mfumo wa zamani ulikuwa wa biti 32 na mpya ni wa biti 64, na katika mfumo wa biti 64 funguo za mashine nzima zilizo mali ya programu za biti 32 hukaa katika tawi lao la pembeni, liitwalo WOW6432Node. Binti alitoa nakala ya ufunguo, akairekebisha njia yake katika maandishi, akairudia kuisoma mara mbili, kisha akaiingiza katika mashine ya mwalimu. Kabla ya kuiingiza alitoa kwanza nakala ya tawi lile kama lilivyokuwa. Mwalimu aliliona hilo, wala hakuhitaji kuelezwa sababu yake.

Programu ikafunguka. Kadi ya kwanza ambayo mwalimu aliitafuta ilikuwa ya neno foromali, iliyoandikwa siku ile nahodha mmoja mzee alipoichora foromali mchangani kwa ncha ya fimbo. Nahodha yule alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Maelezo yake yalikuwapo kama alivyoyatoa, pamoja na mfano aliousema akicheka. Mwanafunzi aliyanakili kwa ajili ya sura ya nne. Mwalimu alitoka nje kidogo.

Uzito wa mashine, ambao ulikuwa mwanzo wa mkasa wote, binti aliutibu kwa muda mfupi. Programu kadhaa zilizokuwa zikiamka bila kuitwa alizilaza, bila kuzifuta. Diski iliyokuwa imejaa video za mikutano iliyokwisha ilipunguziwa mzigo baada ya mwenyewe kuulizwa moja moja. Rejista haikuguswa. Kisha kadi zote zilitolewa katika programu ile na kuandikwa kwa maandishi ya kawaida ambayo programu yoyote yaweza kuyasoma, na nakala zake zikawekwa mahali patatu mbalimbali. Mashine ya zamani ilibanduliwa karatasi yake, ikarudishwa ofisini kwa mwalimu, ikawekwa juu ya kabati.

Mwaka uliofuata, alipofika katika somo la maneno yasiyosikika, mwalimu aliwaambia wanafunzi wake kisa hiki chote, pamoja na sehemu ya kubonyeza hapana. Wengine walicheka. Akawaacha wacheke, kisha akaendelea na somo. Mtunza masijala, ya karatasi au ya mashine, hawezi kujua kila jalada ni la nini, wala halaumiwi kwa kutojua. Hulaumiwa anapokufanya kutojua kwake kuwa hukumu. Jambo asilolijua aliulize. Asipopata jibu aliache. Na kama ni lazima liondoke, aweke nakala yake, kwa kuwa mwenyewe huenda yuko safarini, na siku moja atarudi.